Mafuta ya MCT yanaganda asubuhi hapa Nakuru. Ni MCT kweli? Na mtu anaanza na kipimo gani?

Mkaazi_Lanet (Nakuru)

Hamjambo nyote. Naomba wanaoelewa lishe na mafuta wanifafanulie.

Nina chupa ya mililita 500 iliyoandikwa MCT (mafuta ya mnyororo wa kati) kwa herufi kubwa mbele. Nyuma, kwa maandishi madogo, viambato ni mafuta ya nazi asilimia 100, basi. Baridi hii ya Julai inayagandisha: alfajiri chini ya chupa kuna tabaka jeupe lenye chembechembe, na jua likishapanda, kufikia saa tano hivi, limeyeyuka lote na mafuta yako maangavu tena. Muuzaji anasema MCT zote huwa hivyo. Je, ni kweli?

Pili, natia kijiko kikubwa kimoja kwenye chai ya maziwa kabla ya kula chochote. Haipiti saa moja tumbo linasokota na kuendesha. Tatizo ni kipimo au ni mafuta yenyewe?

Tatu, lengo langu ni kupunguza uzito. Chakula kingine sijakigusa: ugali mchana, sukuma ya kukaanga, chapati jioni. Hapo mafuta haya yatanisaidia?

Na kama chupa hii ni nazi tupu, kuna njia ya kuitoa hiyo MCT mwenyewe jikoni? Nimesikia watu wanagandisha mafuta ya nazi kisha wanachukua yale yaliyobaki maji.

---

Lishe_Kisumu (mtaalamu wa lishe)

Ndugu wa Lanet, nianze na chupa, kwa sababu jibu lake linagusa maswali yako mengine yote. Hayo uliyo nayo ni mafuta ya nazi ya kawaida yaliyobandikwa jina lingine.

Mafuta yoyote ya kula ni gliseroli iliyobeba asidi tatu za mafuta, na asidi hizo zinatofautiana kwa urefu wa mnyororo wa kaboni. Za mnyororo wa kati zina kaboni 6 hadi 12: kaproiki (C6), kapriliki (C8), kapriki (C10) na lauriki (C12). Kinachouzwa kama kirutubisho cha MCT, kikiwa cha haki, ni C8 na C10 peke yake, au C8 tupu. Mafuta ya nazi yana takriban asilimia 7 ya C8 na asilimia 6 ya C10. Karibu nusu yake ni lauriki, na mengine ni ya mnyororo mrefu kama miristiki na palmitiki.

Wauzaji wengi wanajificha nyuma ya lauriki, kwa kuwa kwenye vitabu vya kemia inahesabiwa kuwa ya kati. Tumboni mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya lauriki hufuata njia ya mafuta marefu: yanahitaji nyongo, yanafungwa upya ndani ya ukuta wa utumbo, yanapakiwa kwenye vifurushi viitwavyo kilomikroni, halafu yanazunguka kwa mishipa ya limfu kabla ya kufika kwenye damu. C8 na C10 hukatwa upesi na lipasi (kimeng'enya kinachokata mafuta), huingia kwenye mshipa unaotoka matumboni kwenda ini, na zikifika hukohuko zinachomwa bila kungoja karnitini, mbebaji wa mafuta marefu, izivushe ndani ya mitokondria, yaani majiko ya seli. Ini likizipokea nyingi kwa mpigo hutoa ketoni, yaani nishati mbadala inayotokana na mafuta. Hiyo njia fupi ndiyo unayolipia ukinunua MCT, na kwenye mafuta ya nazi huipati ila kidogo mno.

Piga hesabu uone. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi ni kama gramu 14, na ndani yake C8 na C10 kwa pamoja hazifiki gramu 2. Ukitaka gramu 14 za C8 na C10 kutoka kwenye chupa yako, itabidi unywe zaidi ya gramu 100 za mafuta ya nazi, yaani zaidi ya kilokalori 900. Hakuna anayepaswa kufanya hivyo, na kolesteroli mbaya itapanda, kwa sababu lauriki na miristiki huipandisha.

Kuhusu kuganda: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Nyumba ya Nakuru usiku wa Julai iko chini ya hapo. Hapa Kisumu chupa hiyohiyo ingekaa rafuni mchana kutwa ikiwa maji, ndiyo maana huku mtu anaweza kuiuza mwaka mzima bila mteja kushtuka. Mchanganyiko wa kawaida wa C8 na C10 haugandi hata ndani ya friji.

Sasa uzito. MCT ina takriban kilokalori 8.3 kwa gramu, mafuta mengine 9. Tofauti ni ndogo. Kijiko kikubwa kimoja bado ni kama kilokalori 115. Uchambuzi mmoja uliochapishwa 2015 ulijumlisha majaribio 13 ya wiki 3 au zaidi, ukakuta kwamba watu waliotumia MCT badala ya mafuta marefu walipungua takriban nusu kilo zaidi ya wenzao. Shikilia hapo kwenye "badala ya". Wewe unaongeza kijiko juu ya chai, na ugali, na chapati, na sukuma iliyomiminiwa mafuta moja kwa moja kutoka kwenye jerikeni. Ukiendelea hivyo utaongezeka uzito, na haijalishi chupa ni ya nini.

Kama unataka jaribio la maana, anza na sufuria ya sukuma. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko. Familia ya watu wanne inatosheka na vijiko viwili vikubwa kwa mboga nzima, kitunguu kikikaangwa kwa moto wa wastani na mfuniko ukiwekwa ili mboga iive kwa maji yake. Akiba utakayoipata hapo inaizidi nguvu yoyote ya MCT. Baada ya hapo, ukiona bado unaitaka, toa kijiko kimoja cha mafuta kwenye sahani yako na uweke MCT mahali pake.

---

Mkemia_wa_Mafuta (Nakuru)

Nikubaliane na Lishe_Kisumu, kisha nijibu la kutengeneza nyumbani, kwa sababu nimeliona likizunguka sana na linapotezea watu pesa.

Haiwezekani jikoni. Asidi zile tatu zimeshikamana na gliseroli moja, na kwenye nazi C8 au C10 mara nyingi imekaa ubavuni mwa lauriki kwenye molekuli ileile. Ukigandisha na kuchuja, unatenganisha molekuli nzima nzima. Sehemu iliyobaki maji ina C8 na C10 nyingi kidogo kuliko mwanzo, lakini bado imejaa lauriki. Kiwandani mafuta ya nazi au ya kiini cha mchikichi hupasuliwa kwanza kwa maji yenye joto kali na shinikizo kubwa hadi asidi ziachane na gliseroli. Asidi hizo huchemshwa na kutenganishwa kwa mvuke, C8 na C10 hukusanywa peke yake, halafu huunganishwa upya na gliseroli na kusafishwa harufu. Hakuna sufuria ya nyumbani inayoweza hayo.

Nimesema kiini cha mchikichi kwa makusudi. Mafuta ya mawese, yale ya nyama ya tunda ambayo ndiyo msingi wa mafuta mengi ya kupikia tunayouziwa madukani, hayana MCT ya kutajika. Yamejaa palmitiki na oleiki. Mtu akikuambia mafuta yake mekundu ya mawese "yana MCT", amechanganya nyama na mbegu.

Kipimo cha friji kifanywe hivi. Mimina mililita 50 kwenye glasi safi iliyokauka kabisa, funika, weka kwenye sehemu ya kawaida ya friji (si ya barafu) usiku kucha. Asubuhi yakiwa meupe au yana mawingu, kuna lauriki nyingi ndani. Yakiwa maangavu na yanamiminika, umepita hatua moja tu, maana hata mafuta ya alizeti hubaki maji kwenye friji, na mjanja anaweza kukuuzia hayo. Kwa hiyo nusa na uonje tone. MCT nzuri haina rangi wala harufu, ni nyepesi ulimini, nyepesi kuliko alizeti. Alizeti ina umanjano na harufu yake unaijua.

Lebo isomwe kabla ya bei. Tafuta gramu za C8 na gramu za C10 kwa kila kipimo. Kama zimeandikwa, gawanya bei ya chupa kwa jumla ya gramu hizo, ndipo ulinganishe chupa na chupa. Kama hazikuandikwa, iache dukani. Angalia pia nembo ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), na kama yanauzwa kama mafuta ya nazi "yaliyotenganishwa" kwenye rafu ya vipodozi, hayo yanaweza kuwa C8 na C10 halisi lakini yamefungwa kwa ajili ya ngozi. Usinywe mafuta ambayo lebo haisemi ni ya kula.

Kuhifadhi: asidi hizi zimeshiba, hazichachi upesi kwa hewa kama alizeti. Adui wao ni maji. Kijiko chenye unyevu kikiingia chupani, au mvuke wa chai ukiingia kila siku kwa sababu unamimina juu ya kikombe kinachofuka, maji huanza kuziachanisha asidi na gliseroli. Asidi huru za C8 na C10 zina harufu ya beberu na zinakwaruza koo. Ukiisikia harufu hiyo au ladha ya sabuni, mwaga. Mimina kwanza kwenye kijiko kikavu mbali na jiko, funga, ndipo upeleke kijiko kwenye kikombe.

Jambo moja watu hawaambiwi: MCT hulainisha polistirini, yale mapovu meupe ya vikombe vya kubebea chai na baadhi ya vijiko vyepesi vya plastiki. Kikombe kinaweza kulainika na kuvuja mkononi. Tumia glasi, udongo au chuma.

---

Mkaazi_Lanet (Nakuru)

Asanteni sana wakubwa. Friji nimeifanya na mafuta yameganda yote hadi juu, kwa hiyo hilo limekwisha. Nikipata MCT ya haki, naanzaje ili tumbo lisinisumbue? Na naweza kukaangia?

---

Lishe_Kisumu (mtaalamu wa lishe)

Kukaangia hapana. Huanza kufuka kwenye nyuzi 150 hadi 160 hivi, na mafuta ya kukaangia kitunguu au mandazi hupita hapo kirahisi. Ukiona moshi mwembamba wa bluu juu ya sufuria, umeshayaharibu. Yatie kwenye chakula kilichokwisha kutoka motoni.

Kuhusu tumbo, sababu ni kasi. Mafuta haya hukatwa haraka kuliko mengine, kwa hiyo ukimeza mengi kwa mpigo utumbo hujaa molekuli ndogo nyingi kwa wakati mmoja, nazo huvuta maji. Maji hayo ndiyo yanayoendesha. Kwenye tumbo tupu hakuna cha kuyapunguza mwendo. Mafuta ya nazi uliyokuwa ukinywa hayana kasi hiyo, lakini kijiko kizima cha mafuta juu ya tumbo tupu kinatosha kumsumbua mtu ambaye hajazoea.

Anza na mililita 5 mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo tumia kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi, kina alama ya 5. Kaa hapo siku 3 au 4. Tumbo likitulia, ongeza mililita 5 nyingine, lakini mlo mwingine, si juu ya ileile. Panda hivyo hadi ufike kati ya mililita 15 na 30 kwa siku, zilizogawanywa. Kwa mtu mzima mwenye afya anayetaka kirutubisho tu, sioni sababu ya kwenda zaidi. Ukianza kuendesha, rudi hatua moja na ukae hapo wiki nzima. Watu wanaong'ang'ania "mwili utazoea" huku wanakimbilia choo wanapoteza maji na chumvi bure.

Kwenye chai yataelea juu na utayanywa yote kwa mkupuo mmoja wa kwanza. Hilo lenyewe linaongeza msokoto. Blenda kwa sekunde 20 hadi 30 huyavunja yakawa matone madogo, na tumbo huyapokea vizuri zaidi. Usijaze blenda kinywaji cha moto hadi juu, mvuke hurusha kifuniko. Kama huna blenda, uji wa wimbi ni bora kuliko chai: epua, uache upoe kidogo, tia mililita 5, koroga kwa mwiko hadi usione mng'ao juu. Maziwa lala pia yanafaa, vilevile parachichi lililopondwa.

MCT ya unga ni rahisi kwa tumbo, lakini soma lebo: mafuta yake yamepakwa kwenye kibebeo, mara nyingine maltodekstrini, ambayo ni wanga. Gramu 10 za unga si gramu 10 za MCT.

Na tafadhali usifanye MCT kuwa mafuta yako pekee. Haina linoleiki wala alfa-linoleniki, asidi mbili ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Omena, njugu, mafuta ya soya au alizeti kidogo kwenye mboga: hivyo vibaki mezani.

---

Mfamasia_Kakamega

Niongeze ya upande wa dawa na maradhi, kwa sababu watu wanasoma uzi huu wakiwa na wagonjwa nyumbani.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, na yeyote aliyewahi kulazwa kwa asidi ya ketoni kwenye damu, asiguse bila daktari wake kujua. Vivyo hivyo anayemeza dawa za kisukari dapagliflozini au empagliflozini: dawa hizo zenyewe zinaweza kusababisha ketoni kupanda hata sukari ikionekana nzuri kwenye mashine. Kwa aina ya pili, MCT haichukui nafasi ya metformini. Mtu akikuuzia kwa maneno hayo, ondoka.

Ini lililonyauka ni sababu nyingine ya kukaa mbali, kwa kuwa kazi yote ya C8 na C10 inaangukia hapo. Kuna pia watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kuchoma mafuta ya mnyororo wa kati, kasoro iitwayo MCAD. Kwao MCT ni hatari ya moja kwa moja.

Kama unaenda kupimwa sukari au mafuta ya damu ukiwa umefunga, kahawa au chai yenye MCT inavunja huo mfungo. Tangu jana usiku maji matupu tu.

Upande wa pili, kuna wagonjwa ambao kwao MCT ni tiba halisi hospitalini: kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha, njia ya nyongo iliyoziba kwa mtoto, utumbo uliokatwa ukawa mfupi, na maji ya limfu yanayovuja kifuani, ambapo mafuta marefu yangezidisha mvujo. Hao hupewa kipimo kwa uzito wa mwili na hufuatiliwa.

---

Mama_Webuye

Samahani kuingilia, daktari. Kijana wangu wa miaka sita ana kifafa na dawa mbili hazijamtuliza. Kuna dada ameniambia mafuta haya yanatibu kifafa, nimpe kijiko asubuhi na jioni. Ni kweli au ni biashara?

---

Lishe_Kisumu (mtaalamu wa lishe)

Pole sana, mama. Kuna ukweli ndani yake, lakini si kwa namna ulivyoambiwa.

Lishe ya ketoni (mafuta mengi, wanga kidogo sana) kwa kifafa imetumika tangu 1921, na mwaka 1971 Peter Huttenlocher na wenzake huko Marekani wakaonyesha kwamba mafuta ya MCT yanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, hivyo mtoto akaruhusiwa wanga kidogo zaidi kuliko kwenye lishe ya kale. Inasaidia watoto ambao dawa zimeshindwa, na mtoto ambaye dawa mbili hazijamtuliza ndiye hasa daktari anapaswa kumfikiria. Kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa, lipeleke kliniki.

Lakini huko MCT hubeba kama nusu ya nishati yote ya siku, ikigawanywa katika kila mlo na kila kitafunio, na wanga hupimwa kwa gramu kwenye mizani. Kijiko asubuhi na jioni juu ya uji na ugali hakifiki hapo. Mtoto atapata kuendesha bila faida. Kabla ya kuanza, hupimwa damu ili kuhakikisha hana kasoro ya kuchoma mafuta, kwani kwa mwenye kasoro hiyo lishe yenyewe inaweza kumlaza. Baadaye ketoni, ukuaji na ini hufuatiliwa.

Usipunguze wala kuacha dawa yoyote, mama. Kama mojawapo ni valproeti, mwambie daktari kwa jina mara tu lishe ikitajwa, kwa sababu dawa hiyo inagusa ini na karnitini. Taja pia dawa za maji anazokunywa: sharubati zenye sukari zinaweza kuharibu hesabu yote ya wanga.

Omba rufaa kwa daktari wa watoto anayeshughulika na mishipa ya fahamu. Hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu au ya Moi kule Eldoret ndiko pa kuanzia kuuliza, na mtaalamu wa lishe utakayempata awe amesajiliwa na KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe Kenya. Andika daftari tangu leo: saa kila kifafa kinapomjia, dakika ngapi, alikuwa amekula nini na saa ngapi, dawa ipi alikuwa ametapika au kusahau. Daktari atakuuliza hayo kabla ya kitu kingine chochote.

Na mtoto asilazimishwe kunywa mafuta kwa kijiko akiwa amelala au akiwa bado anatoka kwenye kifafa. Yakienda mapafuni yanaleta nimonia ngumu kutibu.

---

Kocha_Kapsabet

Kwa wakimbiaji wanaosoma: msinywe hii kabla ya mbio mkitarajia nguvu. Jaribio la 1998 kwa waendesha baiskeli lilitumia kama gramu 85 wakati wa mazoezi, wakaishia na matumbo mabovu na mwendo wa mwisho ukashuka. Chai ya sukari na ugali wa jana yake vinafanya kazi hiyo vizuri.

---

Mkaazi_Lanet (Nakuru)

Nimeelewa. Hii chupa ya nazi sasa nifanye nini nayo, niitupe?

---

Mkemia_wa_Mafuta (Nakuru)

Usitupe, ni mafuta safi kama hayana harufu mbaya. Pikia kidogo kidogo kwa moto wa chini badala ya mafuta mengine, au ipake kwenye ngozi na nywele. Asubuhi yakiganda, simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu dakika 10, ikiwa imefungwa. Usiweke juu ya jiko. Na risiti uitunze: irudishe dukani pamoja na picha ya ile glasi ya friji ikiwa imeganda, uwaonyeshe lebo ya mbele na ya nyuma. Wakikataa, malalamiko ya lebo ya uongo hupelekwa KEBS, nao watataka chupa yenyewe, namba ya toleo iliyopigwa chini au shingoni, na tarehe uliyonunua.